Soda Sita Kwenye Beseni la Lami

Siku mliyoniaga pale maabara ya Lodwar mlinipa blanketi. Blanketi zito la sufu, lenye picha ya simba. Mimi nimezaliwa Lodwar, nimezeekea Lodwar, na baridi naijua kwa njia ya malaria tu. Nililipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, na sasa analilalia mbuzi wangu aliyezaa mapacha. Asanteni sana. Mbuzi pia anashukuru.

Baada ya hotuba, Akai, binti aliyerithi funguo zangu na kabati langu, alikuwa akipekua madaftari ya zamani ya vipimo. Akafungua lile la Kakuma, akaona ukurasa mmoja umechanika juu, kiasi cha urefu wa kidole. Akaniuliza umepatwa na nini. Nikamjibu ni mchwa. Mkacheka nyote, maana mchwa wa Lodwar waliwahi kuula mlango wa stoo yetu likabaki komeo. Mazungumzo yakaendelea, keki ikakatwa.

Nilidanganya. Mchwa wana madhambi mengi, lakini hilo si lao. Na kwa kuwa mlinisihi niwaandikie kumbukumbu za kazi, nitaufikia ukurasa ule, ila kwa kuzunguka, maana moja kwa moja naona haya. Habari za vyeo sitaziandika. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili nilibaki kwenye kiti kilekile chenye mguu mbovu. Nitaandika habari za lami kuukuu na jinsi tulivyojaribu kuirudishia ujana, habari za marehemu Fundi Barasa aliyenifundisha kazi, na habari za Papa Byamungu, mtu niliyemkosea.

Kazi niliipata kwa mwandiko. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina lolote la kufanya ila kuchota maji na kusikiliza shangazi wakinitafutia mume. Nikasikia kuna kambi ya barabara Kainuk, kando ya mto Turkwel, wanataka karani wa maabara. Karani waliyekuwa naye aliandika saba kama moja na moja kama saba, na kwa sababu hiyo kipande kizima cha barabara kilikuwa kimefumuliwa na kurudiwa. Nilipofika nilitarajia mahojiano. Fundi Barasa alinipa penseli kabla hajaniuliza jina, akaniambia niandike tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa. Akazitazama, akasema nianze.

Barasa alikuwa Mbukusu wa Bungoma, mfupi, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa katika joto lile mwaka mzima. Sikuwahi kumwona bila hiyo kofia, hata kanisani. Siku hiyohiyo ya kwanza alikata kipande cha lami kwenye pipa, kidogo kama punje ya hindi, akakitia mdomoni. Akatafuna huku amefumba macho. Akatema, akaniambia, "Andika: ngumu kidogo." Nilijua nimeajiriwa na mwendawazimu, nikajiambia nitavumilia mwezi mmoja.

Baadaye nilielewa. Mafundi wa zamani, kabla vifaa havijafika, walipima lami kwa meno. Ikiwa imekufa inakatika kama makaa, ikiwa hai inavutika. Barasa alikuwa na vifaa, na alivitumia kwa uangalifu mkubwa, ila alitafuna kwanza. Alisema sindano inajua kiasi, meno yanajua tabia. Msimuige. Siku hizi lami ya kupima tunaitoa kwenye kokoto kwa kuiosha na kemikali, na kemikali hizo hazina urafiki na ini la mtu.

Kuhusu sindano, kwa wale watakaosoma haya na si watu wa kazi yetu: unayeyusha lami, unaimimina kwenye kikopo kidogo, unakizamisha ndani ya beseni la maji mpaka lami na maji viwe na joto moja. Kisha unaachia sindano yenye uzito maalumu iizamie lami kwa sekunde tano. Ikizama sana, lami ni laini. Ikizama kidogo, ni ngumu. Kazi yote ni hiyo, hata mtoto angeiweza, isipokuwa kwa sharti moja. Maji lazima yawe na joto la nyuzi ishirini na tano. Aliyeweka sheria hiyo hakuwahi kufika Lodwar. Kwetu maji ya bomba saa nane mchana yanatoa mafuta kwenye sufuria bila sabuni.

Kwa hiyo, maabara ilipohamishwa kutoka Kainuk kuja Lodwar, tulinunua barafu kwa wauza samaki wanaoleta mzigo kutoka ziwani. Kwa miaka mingi vipimo vya lami vya Turkana vilinuka samaki, na paka wa mji mzima walitujua kwa majina.

Jambo lingine alilonifundisha Barasa ni pambizo. Kila ukurasa wa daftari la vipimo una nafasi tupu pembeni, na wengi huiacha tupu. Yeye alitaka nijaze humo kila kilichokuwepo wakati wa kupima: upepo, nani alisimama karibu, nini kilikuwa mezani, nani alisema nini. Nilimwona mzushi. Siku moja mbuzi aliingia maabara akanywa maji ya beseni, akafukuzwa, nami kwa utundu nikaandika pembeni: "Mbuzi ameingia, amekunywa." Mwezi uliofuata wakubwa wakabisha kipimo cha siku ile, kwamba namba haiwezekani. Barasa akawafungulia daftari. Maji yalikuwa yamepungua, kikopo kikabaki nusu nje, kwenye joto. Mbuzi akatuokoa. Tangu hapo niliandika kila kitu, ikawa mazoea kama kufunga mlango, mkono unafanya wenyewe.

Sasa soda. Katika Lodwar nzima ya wakati ule, mahali pa ubaridi wa uhakika palikuwa beseni letu. Dereva alilitamani, mpishi alilitamani, hata mhubiri aliyekuja kutuombea aliuliza kama chupa yake inaweza kupumzika mle kidogo. Barasa alikataa katakata. Alisema beseni ni la lami, na mwenye kiu aende mtoni. Alipostaafu akarudi kwao Bungoma, na baada ya miaka michache tukapata habari kwamba amefariki. Nililia sana. Wiki iliyofuata nikatia soda kwenye beseni. Nilikuwa wa kwanza, mjue hivyo, dereva alifuata.

Miaka ikaenda, na barabara yetu ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma ikafa. Lami hufa kwa jua. Mafuta yaliyomo ndani yake yanakauka polepole, inakuwa nyeusi ya kijivu, inapasuka nyufa kama ngozi ya kisigino, na lori likipita inatoka vipande. Bibi yangu wa Lokitaung alikuwa na vazi la ngozi alilolipenda kuliko wajukuu. Likikauka likawa gumu kama ubao, hakulitupa. Alilipaka mafuta ya mnyama, akalikunja, akaliacha, akalisugua tena kwa kiganja siku kadhaa mpaka likalainika. Nilimsaidia mara moja nikapaka mafuta mengi ili nimalize haraka. Vazi likalegea, likanata vumbi, likanuka, na bibi akanisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Ningelikumbuka somo hilo, haya yote yasingetokea.

Akaja Injinia Wambua kutoka Nairobi, kijana mpole mwenye miwani, amesoma mpaka ng'ambo na bado anasalimia watu. Yeye hakutaka lami kuukuu itupwe kwenye laga, yaani mto mkavu, kama ilivyokuwa desturi. Alitaka ikwanguliwe, isagwe, irudishiwe mafuta yaliyokauka, itandikwe tena. Alisema kokoto ni zilezile, na lami haijaisha, imezeeka tu. Mimi nilikuwa nimekaribia umri wa kuambiwa hivyohivyo, nikampenda papo hapo. Wakubwa wa kampuni iliyokuwa na kazi ile hawakumpenda sana. Walimpa kipande kifupi kabla ya kuingia Kakuma, na jaribio moja tu.

Mafuta ya kufufulia lami yalikuwa yaagizwe kutoka mbali, na kama ilivyo kwa vitu vinavyoagizwa kutoka mbali, hayakufika. Ndipo akaja Papa Byamungu. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mwenye nywele nyeupe na mgongo ulionyooka, na kwao alikuwa amefanya kazi ya kuchanganya lami mpaka vita vilipomfukuza. Kakuma alikuwa amekaa kambini miaka na miaka akitengeneza baiskeli. Alisikia kuna watu wanatafuta mafuta, akatembea mpaka saiti kwa miguu. Akasema kule kambini mafuta ya kukaangia mandazi na sambusa yakichakaa yanamwagwa mchangani kila siku, kwa nini tusiyajaribu. Mimi nilicheka. Injinia hakucheka, akamwomba alete dumu moja.

Tuliyaacha yatulie, tukayachuja kwa kitambaa, tukayachemsha taratibu mpaka maji yote yakaisha, maana mafuta yenye maji yakikutana na lami ya moto yanakurukia usoni. Nina alama mkononi ya kuthibitisha. Tukachanganya kwenye vikopo, kidogo kidogo, na lami iliyokuwa inakatika kama makaa ikaanza kuvutika. Saiti yetu ikanuka sambusa. Mbwa wa Kakuma wakahamia kwetu, paka wa Lodwar wakawa na wapinzani.

Byamungu akapewa barua ya kazi. Nyinyi vijana mna barua nyingi, hamwezi kujua barua ile ilikuwa nini. Mkimbizi hatoki kambini bila pasi, na pasi haitoki bila sababu. Kwa barua ile aliweza kuja Lodwar maabara, akalala Lodwar, akatembea mjini bila kuulizwa anakwenda wapi. Aliikunja akaitia kwenye karatasi ya nailoni, akaiweka mfuko wa shati, na kila baada ya muda mkono wake ulikwenda kuigusa. Aliniambia siku moja, tukiosha vikopo, kwamba kwa miaka yote ya kambini watu walimuuliza namba ya kadi yake, na kwamba hapa ndipo mtu alipomuuliza tena, Byamungu, lami ikoje leo. Alilisema bila huzuni, kama mtu anayesoma kipimo. Mimi ndiye niliyeona uchungu.

Ikafika Ijumaa ya kuamua kiasi cha mafuta kitakachotumika barabarani. Ilikuwa moja ya zile siku ambazo hata mjusi anatafuta kivuli cha mtu. Jioni tulitarajia wageni, nami nikatia soda sita kwenye beseni, na ili zipoe haraka nikatia barafu mara mbili ya kawaida. Kipimajoto kilining'inia upande wa ukutani, ukuta wa bati unaopigwa na jua. Kilisema ishirini na tano. Vikopo vya lami vilikuwa upande wa pili, vimebanana na soda na barafu.

Nikaachia sindano. Ilizama nusu ya nilichotarajia. Nikarudia, ikawa vilevile. Maana yake lami bado ngumu, inataka mafuta zaidi. Byamungu alikuwa amechukua punje ya lami ileile kutoka kwenye sufuria, si kwenye beseni, na bila kuniomba ruhusa akaitia mdomoni. Kemikali na yote. Akatafuna amefumba macho, na kwa dakika moja nilimwona Barasa bila kofia.

Akaniambia, "Mama, hii imeshaiva. Usiongeze mafuta. Ukiongeza, gari zitalima hii barabara sawa shamba."

Nikamwambia Papa, siku hizi hatupimi kwa meno. Nikaandika namba, nikaandika mafuta yaongezwe karibu mara mbili, na kwa mazoea mkono ukajaza pambizo. Jioni wageni hawakuja. Soda tatu nilikunywa mimi.

Kipande kikatandikwa. Siku ya kwanza kilipendeza, cheusi, kinang'aa, wapita njia walisimama kukitazama. Wiki ya tatu malori ya chakula cha kambini yakawa yameshachimba mitaro miwili humo, na katikati lami ikavimba kama unga uliotiwa hamira. Ngamia alipita akaacha nyayo zake zote, tukaweza kuhesabu alikoenda na aliporudi. Kisha akaja bibi mmoja wa Kiturkana, kanyosha fimbo kwa Injinia, mguu mmoja una kiatu cha tairi na mwingine hauna.

Akamsalimia kwanza, "Ejok." Injinia akajibu alivyofundishwa. Ndipo bibi akasema, "Hii barabara yenu imekula kiatu yangu. Mimi nataka kiatu yangu."

Injinia akapiga magoti kwenye lami akakichomoa kwa kisu. Ndivyo meneja wa kampuni alivyomkuta alipowasili, amepiga magoti, na kiatu cha bibi mkononi.

Meneja hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa mabaya. Alisema mbele ya kila mtu kwamba barabara haijengwi kwa mafuta ya mandazi ya wakimbizi, na kwamba aliyeleta takataka hizo arudi nazo alikotoka. Jaribio limekwisha, lami kuukuu iliyobaki itupwe kwenye laga, na barua ya Byamungu ifutwe mwisho wa wiki. Injinia alijaribu kusema, akakatizwa. Byamungu alisimama kando, mkono kwenye mfuko wa shati. Alisema neno dogo, "Nilisema imeiva," na alilisema akitazama barabara, hakumtazama mtu. Nadhani ni mimi peke yangu niliyelisikia. Nikajiambia maskini, anatafuta pa kushika.

Nilirudi Lodwar nikiwa na hasira na meneja, na kiu. Nikachukua soda, nikaenda kuitia kwenye beseni, na kwa kuwa upande wa ukutani palijaa nikazamisha mkono upande wa pili. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma vidole. Nikatazama kipimajoto kule ukutani. Ishirini na tano. Nikakitoa, nikakileta upande huu, nikakiona kinashuka na kushuka.

Lami ikipoa inakuwa ngumu. Hilo nililijua kabla Akai hajazaliwa. Sindano haikukosea, ilipima lami iliyokuwa inalala na soda zangu. Lami ilikuwa imeiva, mimi nikaipikia mafuta mengine, na mzee wa watu anafukuzwa kwa sababu yangu.

Nikafungua daftari nikiomba nisiwe nimeandika. Nilikuwa nimeandika. Kwa ule mwandiko wangu mzuri ulionipatia kazi, pembeni mwa ukurasa wa Ijumaa ile, kulikuwa na maneno haya: "Jua kali. Barafu mara mbili. Soda sita upande wa vikopo. Waliopo: mimi na Papa Byamungu. Papa atafuna, asema imeiva, mafuta yasiongezwe. Mzee huyu atabaki bila meno."

Niliogopa, sitawaficha. Nilikuwa na miaka michache tu mpaka kustaafu, na nilikuwa nimewahi kuona watu wakifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini hofu haikuwa kubwa kama aibu. Kukosea namba ni mambo ya kazi. Kukosea kwa sababu ya soda, na utani wa meno juu yake, hilo ni la kuchekwa mpaka kaburini. Maabara ilikuwa tupu. Nikaushika ukurasa kwa juu, nikaanza kuuvuta. Karatasi ya zamani ina sauti, mtu angedhani ni nguo inachanika.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Byamungu. Alikuwa amepanda gari la saiti kuja kurudisha koti la kazi, lile la bluu, amelifua, amelipiga pasi, amelikunja kama la dukani. Akaliweka mezani, karibu kabisa na daftari, nami nikaufunika ukurasa kwa kiganja. Akasema, "Mama, aksanti kwa kazi. Nilifanya muzuri hapa." Akasimama kidogo, pengine alingoja nimwambie kitu. Nilichoweza kusema ni kwamba akae, anywe soda. Nikaichomoa palepale kwenye beseni nikampa. Akainywa yote polepole, akaisifu kwa ubaridi, na mimi nilitamani ardhi ya Lodwar inimeze pamoja na chupa.

Nikamwambia koti asiliache. Asubuhi avae, twende Kakuma.

Asubuhi tulimkuta Injinia na meneja kwenye kile kipande, wanapima kina cha mitaro. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, ikapotea. Nikampa Injinia daftari, nimelifungua, nikamwambia asome pembeni. Alisoma kwa sauti, maana hakujua kilichomo. Alipofika kwenye soda alipunguza mwendo. Alipofika kwa Papa atafuna, asema imeiva, alivua miwani akaifuta, akasoma tena. Ule mstari wa mwisho aliuanza, akaniangalia, akaumalizia kwa sauti ndogo.

Meneja akauliza, "Hizo soda zilikuwa za nani?"

"Zangu," nikasema. "Mbili za dereva." Dereva alianza kukagua matairi.

Injinia akaniuliza kwa nini niliandika kama sikuamini kuwa ni muhimu. Nikamjibu nilifundishwa kuandika, kuamini ni kazi nyingine. Kisha nikamgeukia Byamungu mbele yao wote, nikamwambia nimekukosea, Papa, lami ilikuwa imeiva na wewe ulisema. Yeye aliinama kidogo, kama mtu anayepokea kitu kizito, mkono wake ukaenda mfukoni kwa barua.

Sitaki mdhani yaliisha kwa vigelegele. Meneja alinitoa maabara, nikapelekwa Kaaleng kupima changarawe miezi mingi, mahali ambapo hakuna barafu, soda wala mtu wa kumsengenya. Niliiona ni haki. Lakini Injinia, akiwa na ukurasa ule mkononi, alipata kipande kingine, kifupi kuliko cha kwanza, na barua ya Byamungu ikaandikwa upya. Beseni akakabidhiwa yeye. Alikifunga kipimajoto kwa uzi kwenye sinia la vikopo, ndiyo maana mpaka leo mnakikuta kimefungwa hapo na mnauliza kwa nini. Kipande hicho cha pili kipo, kinanyooka vizuri, na malori bado yanapita juu yake. Siku nyingine nikienda Kakuma nashuka garini nakikanyaga kwa kisigino. Kiatu hutoka salama.

Tulipokuwa tunarudi Lodwar siku ile, Byamungu alikuwa amelipakata daftari magotini, analisoma mwenyewe. Alisoma mpaka tukavuka laga mbili. Kisha akasema, "Mama, wengine banatucheka na mdomo, haibakie kitu. Wewe ulinicheka kwa maandishi. Muzuri sana." Nikacheka na machozi yakatoka, vyote pamoja. Halafu akaweka kidole juu ya ukurasa, pale palipochanika, akaniuliza hapa ni nini. Nikamwambia ni mchwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipousema uongo ule.

Akapatazama. Akalifunga daftari, akanirudishia. "Mchwa ya Lodwar," akasema, "iko na vidole."

Hakulitaja tena mpaka alipohama, na mimi sikulitaja mpaka leo. Akai, ulipokwenda kuwakatia wengine keki, daftari lilibaki mezani, nami nilikuwa bado na kalamu. Lifungue. Pembeni mwa ukurasa ule, chini ya meno ya Papa, utakuta nimeongeza mstari mmoja kwa wino mpya: "Aliyechana ni mimi."